Mwaka wa Mbuzi Katika Kaya ya Kilwa

Mbuzi wa kienyeji anayefugwa Kilwa na katika pwani ya Lindi ni mfupi, mwenye nywele fupi zilizolala, na jike aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30 hivi. Kwa kawaida kaya hufuga wachache, pembeni mwa mihogo, ufuta na mikorosho. Hakamwi, hufugwa kwa nyama, kwa akiba ya fedha na kwa ibada. Ng'ombe walikuwa haba kwa muda mrefu kwa sababu ya mbung'o, na wengi wanaoonekana leo waliingia na wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007. Mbuzi naye huugua nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, ila huistahimili kuliko ng'ombe.

Mwaka wake huhesabiwa kuanzia siku beberu anapopanda. Mimba ya mbuzi huchukua siku 150, yaani miezi mitano. Beberu anayeachwa pamoja na majike wakati wote huzalisha mwezi wowote, na watoto wa Machi na Aprili hukutana na masika: sakafu imelowa, usiku una ubaridi, vichomi havikawii. Kwa hiyo mfugaji makini humfunga beberu kipande cha gunia chini ya tumbo, kinachoning'inia mbele ya uume na kumzuia kupanda, kisha humfungua Januari ili watoto wazaliwe Juni, mvua zikiwa zimekatika na majani bado yapo.

Kuanzia Januari mbuzi huishi kwa kamba. Ufuta umepandwa, miche ya mihogo ni michanga, na mbuzi mmoja aliyechomoka kigingini anaweza kuwagombanisha majirani kwa msimu mzima. Kamba ina kasoro zake. Mbuzi kwa asili huchagua vichaka na ncha za matawi. Akifungwa mahali pamoja hulazimika kula majani yaliyo chini, na huko ndiko waliko minyoo. Viluwiluwi vya minyoo hupanda juu ya jani pamoja na umande, hivyo mbuzi hutolewa bandani umande ukishakauka, na kigingi huhamishwa angalau mara mbili kwa siku. Minyoo wanaonyonya damu hujulikana kwa kufunua kope: wekundu ukififia na kuwa weupe, damu imepungua. Uvimbe chini ya taya ni dalili kwamba hali imekwisha kuwa mbaya. Dawa ya albendazole husaidia, lakini jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba hapewi, maana inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Kaya iliyofungua beberu Januari inapaswa kuwa imewapa majike dawa hiyo Desemba.

Kinga kubwa zaidi ya masika ni banda lenyewe. Banda zuri huinuliwa kama mita moja kutoka ardhini na kuezekwa makuti. Sakafu yake ni ya fito zilizoachana kiasi cha kupitisha kinyesi bila kunasa kwato. Samadi inayodondoka chini huzolewa kwenda bustanini.

Juni kuna kazi mbili kwa pamoja, kuvuna ufuta na kuzalisha mbuzi. Mtoto anatakiwa anyonye dang'a ndani ya saa chache za mwanzo, na kitovu chake kipakwe iodini. Madume yasiyochaguliwa kuwa mabeberu huhasiwa yangali madogo. Yakinona ndiyo huitwa ndafu, yanayobanikwa mazima harusini.

Soko nalo lina kalenda yake. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo yanataka mbuzi wa kuchinjwa Idd el Haj au wa akika, yaani wa kuchinjwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, awe ametimiza miaka miwili. Ndiyo maana mnunuzi humfunua mdomo mbuzi na kutazama meno kabla ya kutaja bei. Akika ya mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, ya wa kike mmoja, na hutokea mwaka mzima. Idd huja mara moja, tena haikai mahali pamoja: mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 10 au 11. Mwaka 2025 Idd el Haj iliangukia mwanzoni mwa Juni, wakati uleule wa uzazi, na kwa kuwa miaka hiyo miwili huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, mtoto aliyezaliwa siku chache kabla yake hutimiza umri siku chache kabla ya Idd ya 2027, katikati ya Mei. Lakini kufikia 2030 Idd itakuwa katikati ya Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Watoto wa Juni watakuwa wakichelewa Idd moja na kungoja nyingine kwa miezi mingi, wakila bila kuuzwa.

Masika huathiri usafiri pia. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 liliondoa adha ya kivuko na kuwasogeza wanunuzi wa Dar es Salaam. Hata hivyo, mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ipitayo daraja hilo, eneo la Somanga.

Baada ya mavuno kamba hulegezwa na mbuzi huingia kwenye mabua na majani yaliyobaki. Kiangazi ni wakati mwafaka wa chanjo. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, kaskazini, na kufikia 2010 ilikuwa imefika Tandahimba na Newala, huku kusini. Chanjo moja hukinga kwa miaka isiyopungua mitatu, lakini watoto wapya hawana kinga hiyo, hivyo zoezi hurudiwa. Septemba watoto huachishwa kunyonya. Maganda ya mihogo ya kuwalisha huanikwa juani kwanza, hasa ya mihogo michungu, kwa sababu mabichi yana sumu.

Oktoba huleta korosho, na pamoja nazo mabibo. Mbuzi huyapenda mno. Machache ni chakula kizuri. Rundo lililoanza kuchacha humjaza tumbo na linaweza kumuua, kwa hiyo watoto wa nyumbani wanaookota korosho huwa na kazi ya pili ya kufukuza mbuzi. Mwaka ukiisha, beberu aliyekaa miaka miwili hubadilishwa na wa kijiji kingine asije akapanda binti zake, na mgeni huyo hufungwa gunia mpaka Januari.