Mashua ya kooperative: mupya ao ya kutumika? Muangalie chini mbele ya kulipa



Kooperative mingi za upande wa Kasenga, Kilwa na Pweto zinalima mihogo na mahindi, lakini zinaishi pia na samaki. Kisha mavuno, wakati kasha iko na feza kidogo, mutu mumoja anasimama mu mukutano na kusema: "Tununue mashua." Wazo ni muzuri. Mashua moja inaweza kutega nyavu usiku, na muchana kupeleka mifuko ya mahindi ku soko. Lakini ile feza ni ya kila mwanamemba: ya mama mwenye aliuza mifuko mbili, ya kijana mwenye alitoa mchango wake wa kwanza. Mashua ikioza kisha mwaka moja, watu hawataamini tena kasha.

Basi mbele ya kuuliza "Ni bei gani?", muulize: "Itafanya kazi miaka ngapi?" Mutu mwenye kununua mashua ananunua miaka yenye inabakia ndani ya mbao zake.

Mujue kazi na maji yenu

Ziwa Moero ni kubwa: urefu wake ni karibu kilometre 130. Lakini haiko ya kina kirefu. Kusini, karibu na pale Luapula inaingia, maji ni mafupi. Kaskazini, upande wa Pweto, njo kina kinazidi, mpaka karibu metre 27. Mu maji mafupi, upepo unaamsha mawimbi mafupi yenye kusimama, na yanafuatana haraka. Mu kipwa, upepo wa kusini-mashariki unavuma na nguvu. Mu masika, zoruba inaweza kufika gafula muchana.

Kwa hiyo mutumbwi wa muti moja unaenea mu Luapula na karibu na matete, lakini inje, mu ziwa, unageuka upesi. Kule munahitaji mashua ya mbao, yenye tumbo pana na yenye mbele imeinuka. Muandike kwanza: watu wangapi watapanda? Nyavu ngapi? Mutabeba mifuko? Kisha muchague urefu. Mashua kubwa kupita kazi yenu itakula esanse bure. Mashua ndogo kupita kazi yenu itazamisha watu.

Kama munatengenezesha mupya

Muchague mubao mbele ya kuchagua fundi. Mu Katanga, mulombwa unajulikana: moyo wake mwekundu haupindike sana ukikauka, na hauoze upesi. Lakini ile sehemu nyeupe ya inje inaoza haraka, hata kama ni ya muti ule ule. Muangalie kila mubao pembeni. Kama kuko weupe, muukatae ao muombe waukate.

Mbao zikauke ndani ya kivuli, zikipangwa na nafasi katikati, kwa miezi kazaa. Mubao mubichi utakauka kisha kupigiliwa, na nafasi itafunguka. Muombe misumari yenye zinki. Ule wa kawaida unakula kutu na kuozesha mubao wenye kuuzunguka.

Musilipe yote siku moja. Mulipe mara tatu: wakati mbao zimefika na mumeziona, wakati mbavu na mbao zimefungwa, lakini rangi haiyapakwa, na mwisho, kisha mashua kulala mu maji. Mutu mumoja wa kooperative aende kuangalia kila wakati. Rangi inaficha makosa mingi.

Kama munanunua ya kutumika

Mashua ya kutumika haiko mubaya yenyewe. Ingine imetunzwa vizuri, na ile mupya yenye ilitengenezwa haraka inaweza kuwa mubaya kuipita. Mumuombe muuzaji siku tatu. Akikatala, mumuache.

1. *Ndani ya maji.* Muiache ilale usiku mbili. Mashua yenye ilikaa juani inaingiza maji siku ya kwanza, kisha mbao zinavimba na kuziba. Ile haiko ugonjwa. Lakini kama siku ya pili maji yanaingia bado vile vile, kuko shida.

2. *Inje ya maji.* Muipindue. Mushike kisu kidogo, musukume ncha ku uti wa mugongo wa mashua, ku miisho ya mbavu, na ku mubao wa nyuma pale motere inafungwa. Mubao muzima unakataa kisu. Wenye umeoza unakipokea kama muhogo wenye umepikwa. Muangalie zaidi ndani, chini ya mbao za kukanyaga: pale maji ya mvua yanalala, na ni pale kuoza kunaanza.

3. *Kwa sikio.* Mugonge mbao na mupini wa nyundo. Sauti kavu na ngumu ni muzuri. Sauti nzito kama ya kugonga gunia inaonyesha uozo.

4. *Kwa kamba.* Muvute kamba kutoka mbele mpaka nyuma. Kama uti wa mugongo umepinda, fundi hataunyoosha na bei ndogo.

5. *Rangi mupya.* Kama rangi yote ni ya wiki iliyopita, muulize inaficha nini. Alama nyeusi kuzunguka misumari inaonyesha kutu ndani.

Mubao moja ao mbili za pembeni zinaweza kubadilishwa. Lakini kama uti wa mugongo na mbavu mingi zimeoza, murudie nyumbani na feza yenu, hata kama bei ni ndogo.

Motere ni ununuzi wa pili

Musichanganye bei ya motere na ya mashua. Mufike asubui mbele muuzaji hajaiwasha, muguse kama iko baridi. Motere yenye kushindwa kuwaka ikiwa baridi itawashindisha mu ziwa. Ikiwaka, muangalie kale kamaji kenye kanatoka nyuma: kama hakatoke na nguvu, maji ya kupoza haizunguke. Mufungue huile ya chini, karibu na helisi: kama ina rangi ya maziwa, maji yameingia. Kama ilitumika mu bahari, fundi aangalie ndani, juu chumvi inakula njia za maji. Musome namba yake na muombe fakture. Motere ya wizi itawaletea kesi. Na muulize kwanza kama vipuri vyake vinapatikana Lubumbashi.

Motere ya farasi 15 ya aina ya kuchanganya huile, ikienda mbio yote, inaweza kunywa litre 6 ao 7 kwa saa moja. Saa moja kwenda, saa moja kurudi: ni zaidi ya litre 12 kila usiku. Mupige hesabu kama chisense ya usiku moja inalipa ile esanse. Mukipunguza mbio kidogo, esanse inapungua sana.

Hesabu yenyewe

Hizi ni namba za mufano. Muweke bei za kwenu.

Mashua mupya: dola 1 200, miaka 8. Ni dola 150 kila mwaka.

Ya kutumika, ya bei ndogo: dola 500, kutengeneza 250, miaka 3. Ni dola 250 kila mwaka.

Ya kutumika, yenye ilitunzwa: dola 600, kutengeneza 100, miaka 7. Ni dola 100 kila mwaka.

Munaona? Ile ya bei ndogo kupita zote njo iko gali kupita zote.

Muongeze nyavu, gudroni ya kila mwaka, na jile ya kuokoa kwa kila mutu mwenye atapanda. Tena, musihesabu miezi 12 ya kazi. Ku upande wa Zambia, uvuvi unafungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Muulize service ya pêche mu territoire tarehe za upande wetu, na muhesabu ile miezi kama haina mapato ya samaki.

Makaratasi, na samaki yenyewe

Mashua iandikwe kwa jina la kooperative, hapana la prezida. Sheria ya OHADA, yenye inafanya kazi mu Kongo tangu 2012, inaruhusu kooperative yenye imeandikishwa kuwa na mali yake. Muandike prosè-verbal ya mukutano, na karatasi ya kuuza yenye sahihi ya muuzaji na mashahidi wawili. Prezida akibadilika ao akifariki, mashua inabakia ya wote.

Neno la mwisho linatoka kwa wazee wa Kasenga. Mu wakati wa wakoloni, wafanyabiashara Wagiriki walitengeneza mashua za motere pale na kupeleka samaki mpaka Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo. Mpumbu alikuwa mwingi mu Luapula. Walimukamata hata wakati wa kupanda muto kutaga mayai, na kisha 1945 hakukuwa tena naye kama zamani. Mashua zilikuwa muzuri. Samaki njo walikosekana. Basi mashua yoyote mutachagua, muende nayo na nyavu zenye ruhusa, na muache samaki wazae.

Mu mukutano wenu wenye unakuja, musome hii kwa sauti, muchague watu watatu wa kwenda kuangalia, na mumoja wao awe mwenye kujua mbao. Wabebe kisu, nyundo na kamba. Feza ibakie ku kasha mpaka warudie.