Majani ya Tulipu Baada ya Ua Kunyauka

Katika ukanda wa mchanga ulio kati ya miji ya Haarlem na Leiden, nchini Uholanzi, mashamba ya tulipu huchanua mwezi wa Aprili kwa rangi nyekundu, manjano na zambarau. Mgeni afikaye huko hushangaa aonapo mkulima akikata vichwa vya maua hayo yangali mazuri na kuvitupa. Lakini mkulima huyo hauzi maua. Auzacho ni tunguu lililomo udongoni, na kwake ua likishachanua na kukaguliwa huwa ni mzigo.

Tunguu ni shina fupi mno lililozungukwa na majani manene yasiyo na rangi ya kijani, ambayo kazi yake ni kuhifadhi chakula. Mwanafunzi anaweza kuliona umbo hilo kwa kupasua kitunguu cha jikoni toka juu hadi chini. Tofauti iko katika akiba: tulipu huweka wanga, ilhali kitunguu huweka sukari. Kwa hiyo tone la ayodini hugeuka bluu iliyokoza katika tunguu la tulipu, lakini si katika kitunguu.

Jambo ambalo wapenda bustani wengi hawalijui ni kwamba tunguu la tulipu lililopandwa haliishi hadi mwaka wa pili. Akiba yake yote hutumika kuotesha majani na ua, nalo husinyaa na kubaki maganda. Mahali pake hushikwa na matunguu machanga yaliyochipuka katikati ya magamba yake. Ukubwa wa matunguu hayo hutegemea kazi ya majani katika muda wa wiki sita hivi baada ya ua kunyauka. Ndipo usanisinuru hugeuza maji na hewa ya kabonidayoksaidi kuwa sukari, nayo sukari huteremka udongoni na kufanywa wanga. Ua lililoachwa litunge mbegu hunyang'anya sehemu ya chakula hicho. Tena petali zake zikianguka juu ya majani mabichi huweza kueneza ukungu. Kwa hiyo kichwa hukatwa, bua na majani yakaachwa. Mwenye bustani ayakataye majani kwa kuwa yanachukiza macho, huenda mwaka unaofuata akapata jani moja tupu pasipo ua.

Akiba hiyo ilijulikana kwa namna ya huzuni katika majira ya baridi ya 1944 na 1945. Majeshi ya Ujerumani yaliyoikalia Uholanzi yalizuia chakula kisipelekwe katika miji ya magharibi, na watu wapatao 20,000 wakafa. Wengi walikula matunguu ya tulipu, yakichemshwa au kusagwa unga, baada ya kuondoa kiini cha katikati.

Majani yakishakuwa ya manjano, mwezi wa Juni au Julai, matunguu hung'olewa, hukaushwa na kuwekwa penye hewa. Hata hapo hayajalala. Mtaalamu A. H. Blaauw na wenzake wa Wageningen walionyesha, katika miaka ya 1920, kwamba ua la mwaka ujao huumbwa ndani ya tunguu lililo ghalani, nalo huumbika vyema katika joto la nyuzi 17 hadi 20 za Sentigredi. Kisha ua hilo huhitaji wiki 12 au zaidi za baridi isiyozidi nyuzi 9, ndipo bua lirefuke. Katika pwani ya Afrika Mashariki baridi hiyo hupatikana ndani ya jokofu tu. Uholanzi hupatikana bure: matunguu hufukiwa Oktoba au Novemba, katika kina cha mara tatu ya kimo chake, na kuachwa humo hadi machipukizi yatokeze.