Land Rover 109 na gia boksi ya Toyota: usiichomelee kwenye chesisi!

Leo tuingie gereji kidogo. Tuseme uko hapa Isevya, una Land Rover 109 ya zamani (za mwisho zilitoka kiwandani 1985), injini imekuchosha, umeamua kuweka injini ya Toyota pamoja na gia boksi yake. Injini imeshakaa. Sasa gia boksi tunaishikaje?

Njia ya mkato ni kuweka kipande cha chuma chini yake na kuchomelea, basi. Gari linatembea, fundi analipwa, kila mtu anacheka. Kasheshe inaanza ukiacha lami na kuingia njia za vijijini kufuata tumbaku kule Sikonge au Urambo.

Chesisi ile si jiwe. Tairi moja likizama shimoni, chesisi inajinyonga kidogo. Halafu injini nayo, ukikanyaga mafuta, inataka kujizungusha kwenye raba zake. Kama mbele kuna raba na nyuma umekaza chuma kwa chuma, nguvu yote inaishia kwenye masikio ya gia boksi na kasha la klachi. Kasha lenyewe la aluminiamu jamani! Linapasuka, tena ukiwa porini na mzigo.

Kwa hiyo ni raba mbele mbili, raba nyuma moja. Chagua mauntingi ambayo vyuma vyake vimeshikana hata raba ikichanika, ili gia boksi isidondoke. Chuma cha kukingama chini yake kifungwe kwa bolti. Klachi ikiisha (na itaisha tu) utashusha kwa spana, siyo kwa grainda.

Lakini kabla ya kuchomelea mabano yoyote, angalia propela. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Difu za 109 zote mbili ziko upande wa kulia, kwa hiyo transfa nayo itoe propela ya mbele kulia. Ikitoa kushoto, propela itapita mshazari chini ya injini, na hapo mauntingi haikusaidii chochote.

Gari likae chini kwa matairi yake, siyo juu ya jeki. Chukua pima maji, linganisha mhimili unaotoka gia boksi na ule unaoingia difu ya nyuma: viwe sambamba. Kila krosi ibaki na pembe ndogo. Nyuzi 1 hadi 3 ni nzuri, ila gari la juu linaweza kuzidi hapo. Pembe zikitofautiana, gari litatetemeka na krosi zitaliwa upesi. Propela ikikatika mbele ikachimba barabara, abiria wa nyuma ndio wanaoumia. Ukiridhika, gusisha mabano kwa nukta chache, pima tena, ndipo uchomelee yote. Na ung'oe waya za betri kwanza.

Kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo ukibadili injini pitia TRA.

Halafu kuna hili la breki ya mkono. Kwenye 109 breki hiyo haiko kwenye matairi, iko nyuma ya transfa, inashika propela. Ukitoa transfa ya zamani, umeitoa na yenyewe. Mafundi wa Isevya mliokwishafanya kazi hii, breki ya mkono mliiweka wapi?