Shaba Iliyogeuka Fedha

Katika soko la Rumonge, muuza mawese na mnunuzi wake hupatana bei kwa "amahera". Neno hilo la Kirundi, sawa na "hela" ya Kiswahili, ni urithi wa heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita, Wajerumani walifua huko Tabora heller za dharura, nyingine za shaba ya manjano. Mwaka huohuo Wabelgiji waliitwaa Burundi. Sarafu ikatoweka, jina likabaki.

Basi mwanafunzi wa mwambao huu asishangae kusikia kwamba Waingereza wa kaskazini huita fedha "brass", yaani shaba hiyohiyo. Misemo mingine, hata hivyo, ina mitego. "Top brass" ni wakuu wa jeshi, kwa ajili ya mapambo yang'aayo ya kofia zao. Na mtu "bold as brass" si shujaa, ni mwenye macho makavu. Kiingereza ni lugha rasmi ya Burundi tangu 2014. Kijana anayeomba kazi na kujieleza hivyo, akidhani anajisifu, atakuwa amejitukana kwa mkono wake mwenyewe.