Mtufaha uliokubali joto: Somo la mkulima Hariman Sharma

Wakulima wengi wa kaunti wamekuwa wakiuliza kama matufaha yanaweza kustawi katika mashamba yao, badala ya kununua yale yanayoletwa kutoka Afrika Kusini. Maisha ya mkulima mmoja wa India yanasaidia kujibu swali hilo.

Hariman Sharma alizaliwa mwaka wa 1956 katika wilaya ya Bilaspur, jimbo la Himachal Pradesh. Alifiwa na mamake akiwa mtoto mchanga, akachukuliwa na kulelewa na mzee mmoja wa kijiji cha Paniala. Masomo yake yalikomea darasa la kumi, naye akarudi shambani.

Himachal Pradesh inajulikana kwa matufaha, lakini ya milimani, sehemu kama Shimla na Kullu ambako theluji huanguka. Paniala iko futi 1,800 tu juu ya usawa wa bahari na wakati wa kiangazi joto hupanda kupita nyuzi 40. Huko watu walipanda maembe. Mwaka wa 1992 baridi kali iliua miembe mingi ya Bilaspur, na Sharma akaanza kutafuta zao lingine.

Mwaka wa 1998 alitupa nyuma ya nyumba mbegu za matufaha aliyonunua sokoni. Mwaka uliofuata aliona mche mmoja umechipuka, akautunza. Kufikia 2001 mti huo ulikuwa umezaa, mahali ambapo kila mtu aliamini hauwezi.

Kwa nini watu walishangaa

Mtufaha hulala wakati wa baridi. Ili uamke na kutoa maua vizuri, aina nyingi za kawaida huhitaji takriban saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Bila baridi hiyo, mti huota majani machache, maua hutoka ovyo na matunda hukosekana. Mti wa Sharma ulihitaji baridi kidogo sana.

Jambo la pili ni mbegu. Mbegu ya tufaha haitoi mti unaofanana na mama yake, kwani kila mbegu ni mti mpya wenye tabia zake. Nyingi hutoa matunda madogo au machungu. Kwa hivyo Sharma hangeweza kupata mti wake tena kwa kupanda mbegu zaidi. Alikata vijiti vya mti huo na kuviunganisha na mashina ya miti mingine, akianza na plamu iliyokuwa karibu. Mche uliopandikizwa hivyo huzaa tunda lilelile la mti uliotoa kijiti.

Aina hiyo ilipewa jina HRMN-99. Wakfu wa Kitaifa wa Ubunifu wa India uliifanyia majaribio katika majimbo mengi, na mwaka wa 2025 serikali ya nchi hiyo ikamtunuku Sharma nishani ya Padma Shri.

Mkulima wa hapa ajue nini

Kenya haina majira ya baridi kama ya Bilaspur. Aina iliyofaulu kule ni lazima ijaribiwe hapa kwanza kabla ya kuaminiwa. Aina zinazohitaji baridi kidogo, kama Anna na Dorsett Golden, tayari hupandwa katika nchi zenye joto. Mara nyingi hizo mbili hupandwa pamoja ili zichavushane. Katika nchi za tropiki kama Indonesia, wakulima huyapukusa majani kwa mkono baada ya mavuno ili kuuamsha mti kutoa maua, kwa kuwa hakuna baridi ya kufanya kazi hiyo.

Hatari kubwa ni miche bandia. Mche ulioota kutokana na mbegu na ule uliopandikizwa hufanana machoni pa asiyejua. Anayedanganywa hugundua baada ya miaka miwili au mitatu, pesa na shamba vikiwa vimeshatumika. Kwa hivyo, kabla ya kulipa:

• Angalia sehemu ya chini ya shina. Mche uliopandikizwa huwa na kovu au kipindo mahali ulipounganishwa.
• Muulize muuzaji jina la aina na kama kitalu chake kimesajiliwa. Dai risiti.
• Usiingize nchini miche au vijiti bila kibali cha shirika la KEPHIS, kwani vinaweza kubeba magonjwa.
• Anza na miti michache. Iache izae ndipo uongeze.

Wakulima wanahimizwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua, ili udongo, maji na hali ya hewa ya shamba vikaguliwe. Sharma mwenyewe alianza na mche mmoja, akasubiri hadi ulipozaa.