UA LINALOKULA NZI: TULILIPENDA MPAKA TUKALICHEMSHA

Haya wasomaji wangu, wiki hii tuache kidogo visa vya mapenzi ya watu wawili. Tuongee mapenzi ya mtu na ua. Usicheke! Kisa chenyewe kimetokea uani kwetu, Sinza, na mpaka naandika hapa hatujui kitaishaje.

Tunapanga nyumba moja na dada mmoja (jina nalihifadhi, nitamwita Dada tu) ambaye mchumba wake ni baharia. Mwezi Februari mwaka jana baharia alirudi safari na zawadi. Wote tulitegemea gauni au manukato. Wapi! Jamaa akatoa kikopo cha plastiki, ndani kimmea kidogo kama kiganja cha mtoto, majani yamefunguka mithili ya midomo yenye kope. Karatasi zake za ukaguzi wa mimea zote alikuwa nazo.

"Hili linakula nzi," akasema. "Ukiweza kulitunza mpaka nirudi, nitajua na mimi utaniweza." Huyo, akarudi zake baharini.

Bwana wee, nyumba nzima tukawa walezi. Dada kila jioni analilisha kipande cha mshikaki. Mimi asubuhi nalimwagilia maji ya kisima. Mama mwenye nyumba, kwa roho yake nzuri, akaleta samadi. Watoto wa uani nao wanachokonoa midomo kwa njiti ya kiberiti waone ikifunga. Wiki ya tatu midomo ikaanza kuwa myeusi, mmoja mmoja, na harufu juu. Mwisho wa Machi kimebaki kisiki cheusi. Dada alilia kama kafiwa.

Ndipo nikaanza kuulizia na kusoma habari za ua hili. Nilichokikuta kilinitia aibu. Kumbe kila tulichofanya kwa mapenzi ndicho kilicholimaliza.

KWAO NI WAPI?

Kwa kitaalamu linaitwa Dionaea muscipula. Duniani kote linaota lenyewe sehemu moja tu: vinamasi vya majimbo ya North Carolina na South Carolina huko Marekani, kiasi cha kilomita 160 hivi kuuzunguka mji wa Wilmington. Gavana Arthur Dobbs aliliandika habari zake mwaka 1759. Charles Darwin naye likamtia wazimu, mpaka mwaka 1875 akatoa kitabu kizima kuhusu mimea inayokula wadudu.

Udongo wa kule ni fukara. Hauna naitrojeni wala fosforasi ya kutosha. Mimea mingine inashindwa, lakini hili likajifunza kupata virutubisho hivyo kwa nzi, buibui na sisimizi. Chakula chake hasa bado linapika lenyewe kwa jua, kama mchicha wako. Mdudu ni kama dawa ya vitamini tu. Sasa wewe ukilimwagia samadi, unaunguza mizizi ambayo tangu zama haijawahi kuona utajiri.

LINAJUA KUHESABU!

Ndani ya kila mdomo kuna vinywele, mara nyingi vitatu kila upande. Mdudu akigusa mara moja, ua linanyamaza, maana linaweza kuwa tone la mvua. Akigusa tena kabla sekunde 20 hivi hazijapita, mdomo unafunga kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Usipime! Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walionyesha kwamba hesabu inaendelea. Mdudu akihangaika humo ndani mpaka miguso kama mitano, ndipo linaanza kutoa maji ya kumyeyusha.

Mshikaki hauhangaiki. Unakaa, unaoza, na mdomo unaoza nao. Hata wale watoto na njiti zao walikuwa wanalimaliza, kwa sababu kila mdomo unaweza kufunga mara chache tu kabla haujafa. Na kwa wenye woga: midomo yenyewe ni sentimeta mbili tatu. Kidole chako salama.

MAJI NDIYO KILA KITU

Hapa mimi ndiye mkosaji. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na chumvi ikijaa kwenye kikopo mizizi inakufa. Ua hili linataka maji ya mvua, au yaliyotoneshwa kwa mvuke. Ukienda kununua ya betri, hakikisha ni maji matupu, siyo tindikali!

Unaweka kikopo ndani ya sahani yenye maji kidogo, udongo ubaki na unyevu muda wote. Udongo wenyewe siyo wa bustani. Ni majani ya kinamasi yaliyooza na kukaushwa, wenyewe wanaita pitimosi, yakachanganywa na mchanga ulioshwa vizuri usiwe na chumvi. Jua lipate la kutosha. Nje kwenye nzi litajitafutia lenyewe, na ukitaka kulilisha basi mdudu mmoja mdogo, asiyezidi theluthi ya mdomo.

FRIJI NALO LIMO

Masika ilipokolea, nilimwambia Dada asitupe kile kisiki. Tukakiosha, tukatafuta pitimosi mpya, tukakinga mvua ya bati baada ya vumbi kuoshwa. Mwezi Mei kikatoa jani dogo la kijani lenye mdomo mmoja. Nyumba nzima tulishangilia kama goli la Simba na Yanga.

Lakini kazi haijaisha. Kwao lina majira ya baridi, na linalala miezi mitatu minne. Lisipolala mwaka baada ya mwaka, linachoka na kufa. Dar baridi hiyo utaipata wapi? Wafugaji wa maua haya wa nchi za joto wana ujanja wao: wanalitoa, wanalifunga na pitimosi yenye unyevu kidogo ndani ya mfuko, wanalilaza kwenye friji. Basi tangu Novemba ua la Dada limelala kati ya maziwa na samaki wa mama mwenye nyumba. Umeme ukikatika, Dada hapati usingizi.

USIKIMBILIE KUNG'OA

Kama umeshaanza kulitamani, ngoja kwanza. Kule kwao watu walikuwa wanaliiba porini kwa maelfu ili wauze, mpaka North Carolina ikabadili sheria: tangu Desemba 2014 kuling'oa bila ruhusa ni kosa kubwa la jinai. Ukinunua, nunua lililooteshwa kitaluni, na ukilileta kutoka nje litembee na karatasi zake.

Na sisi Tanzania tuna mimea yetu ya namna hiyo. Kwenye vinamasi vya nyanda za juu kuna Drosera, majani yake yana vinywele vyenye matone ya gundi yanayomeremeta kama umande. Inzi akitua, kwisha kazi. Ukiiona, iangalie, ipige picha, iache palepale. Ukiileta Sinza na maji ya kisima, utaiua kama tulivyotaka kuua sisi.

Dada juzi kaniambia neno nikaona niwaachie na ninyi. "Nilikuwa nalipa ninachokipenda mimi, sikuuliza linapenda nini."

Mwezi ujao tunalitoa kwenye friji. Na baharia yuko njiani. Likiamka kabla hajafika, mtakula pilau na sisi. Lisipoamka... tuombeane heri tu, wapenzi.