Faini si Fidia

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maneno machache juu ya fidia ya watu walioumizwa na magari, kwa kuwa katika kikao cha wazazi cha muhula uliopita maswali yalikuwa mengi na saa zilikuwa chache. Nimekubali kwa furaha. Mimi si wakili, ni mwalimu tu, lakini sheria za nchi zimeandikwa ili zisomwe, na hizi nimezisoma.

Sisi wa Nyakato twaishi karibu na njia ya mabasi yaendayo na yatokayo stendi ya Bweri. Mchana kutwa pikipiki hupita, na wanafunzi wetu huvuka barabara asubuhi na jioni. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa msiba. Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili na gari dogo yaligongana Sabasaba, wilayani Butiama, na watu zaidi ya 30 wakafa papo hapo au baadaye. Wengi wakumbuka mazishi ya siku zile. Wachache wakumbuka habari za waliopona, waliorudi nyumbani na magongo au na mkono usiofanya kazi, nao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo.

Jambo la kwanza ambalo wengi hulikosea ni hili. Dereva akishtakiwa na polisi, akapatikana na hatia ya kuendesha kwa uzembe, akatozwa faini, watu husema, “Kesi imekwisha, haki imetendeka.” Kesi ya nani imekwisha? Ile ni kesi ya Serikali na dereva. Faini huingia hazina ya Serikali, na aliyevunjika mguu hapati hata senti moja ndani yake. Ni kweli kwamba hakimu wa kesi ya jinai anao uwezo wa kuamuru mshtakiwa amlipe aliyeumia, lakini amri hiyo humtazama dereva mwenyewe na mfuko wake, na mfuko wa dereva wajulikana. Fidia yenyewe hudaiwa kwa dai la pekee, la madai na si la jinai, na dai hilo ni mali ya aliyeumia. Asipolidai yeye, hapana atakayemdaia.

Lakini msiidharau ile kesi ya polisi. Sheria ya Ushahidi yasema kwamba mtu akiisha kutiwa hatiani na mahakama ya jinai, na hukumu ikawa ya mwisho, basi hukumu hiyo ni ushahidi tosha kwamba alilitenda kosa lile. Kwa hiyo majeruhi asiyekwenda kutoa ushahidi wake katika kesi ya dereva, kwa sababu “haimhusu”, anajinyima silaha yake mwenyewe.

Sasa nitaeleza habari moja niliyoiona kwa macho, bila kutaja jina la mtu. Jirani yangu, fundi wa kuezeka mabati, aligongwa na gari la mizigo. Siku ya nne, akiwa bado kitandani, walikuja watu wawili wenye heshima na maneno matamu, pamoja na mzee mmoja wa ukoo wetu waliyemchukua njiani ili mambo yawe ya kindugu. Walileta shilingi 400,000 na karatasi. Mzee wetu akasema, “Mwanangu, pokea, tuyamalize nyumbani, mahakamani ni kupoteza ng'ombe.” Mwanangu huyo akapokea na kutia sahihi. Karatasi ile ilisema kwamba amepokea fidia yote, na kwamba hana dai lingine lolote juu ya mwenye gari, sasa wala baadaye. Baada ya miezi mitano mfupa ukawa haujaunga, akapelekwa Bugando, Mwanza, na mpaka leo hapandi paa. Aliporudi kwa mwenye gari alionyeshwa sahihi yake.

Simlaumu mzee wetu. Kupatana ni desturi njema, nayo imezuia visasi vingi katika Mkoa wa Mara. Hata sheria yenyewe hupenda watu wapatane. Ila mapatano yana wakati wake. Siku ya nne daktari mwenyewe hajui mguu utaponaje. Basi aliyelala kitandani ameuza kitu gani, na kwa bei ya nani? Kupokea fedha za dawa na nauli si kosa. Kosa limo katika maneno ya karatasi. Mtu aweza kuandika “nimepokea shilingi kadha wa kadha kwa ajili ya matibabu, na dai langu la fidia linaendelea”, na sentensi hiyo ndogo yaweza kuwa na thamani ya shamba zima.

Fidia hutoka wapi, ikiwa dereva ni maskini? Hapa ndipo bima inapoingia. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1930 kwamba kila gari liwe na bima kwa ajili ya watu wengine watakaodhuriwa nalo, na utawala wa Kiingereza ukaileta sheria ya namna hiyo Tanganyika. Ipo mpaka leo, nayo ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Wazee wetu wakisema “Shirika la Bima” humaanisha lile la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, ambalo baada ya Azimio la Arusha la 1967 lilishika biashara yote ya bima nchini, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Siku hizi makampuni ni mengi, nayo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA.

Watu wa mjini husema “bima kubwa” na “bima ndogo”. Bima kubwa hulinda hata gari lenyewe. Bima ndogo hailitengenezi gari la mwenyewe. Kazi yake ni kulipa madhara waliyoyapata wengine, na hiyo ndiyo sheria inayomlazimisha kila mwenye gari au pikipiki kuwa nayo. Kwa hiyo yule asemaye “gari lake lina bima ndogo tu, hatutapata kitu” amegeuza mambo juu chini. Ndogo hiyo ndiyo yenu.

Jihadharini, hata hivyo, na lifti. Abiria aliyelipa nauli katika basi hulindwa na bima ya lazima, na mtembea kwa miguu hali kadhalika. Lakini sheria haimlazimishi mwenye gari kumkatia bima mtu aliyepakiwa bure nyuma ya pikapu. Huyo aweza kumshtaki dereva kwa uzembe wake, lakini yawezekana asikute kampuni ya bima nyuma ya dereva huyo. Wanafunzi wanaosimamisha pikapu za samaki jioni ili wasitembee walifikirie neno hili.

Jambo linaloleta ugomvi mwingi kuliko yote hapa kwetu ni pikipiki. Kijana anayeendesha mara nyingi si mwenye chombo. Ama hupeleka hesabu kila jioni kwa tajiri wake, ama yuko katika mkataba, analipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake. Ajali ikitokea, tajiri husema, “Si yangu tena, ni ya kijana.” Kijana husema, “Bado ya tajiri, sijamaliza mkataba.” Ukitazama kadi ya pikipiki, wakuta jina la mtu wa tatu anayekaa Tarime, aliyeiuza miaka miwili iliyopita na hakubadilisha jina. Majeruhi huzungushwa baina ya hao watatu mpaka achoke. Kanuni ya sheria ni kwamba tajiri hujibu kwa kosa la mtumishi wake lililotendwa katika kazi yake, kwa hiyo swali la nani alikuwa akipokea hesabu lina uzito mkubwa, na mashahidi wa swali hilo ni wenzake wa kijiweni. Waandikeni majina mapema. Na ninyi wazazi mnaonunua pikipiki ili vijana wapate riziki, andikeni mkataba, na mkiiuza badilisheni jina, msije mkaitwa mahakamani kwa chombo msichokiona tangu mwaka juzi.

Je, fidia hupimwaje? Hapana bei ya mguu iliyobandikwa ukutani. Mahakama huigawa mara mbili. Sehemu ya kwanza ni hasara zinazohesabika: dawa, gari la kumpeleka hospitali, siku alizokosa mshahara. Hizi hutajwa moja moja na kuthibitishwa barabara. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulisisitiza hilo katika shauri moja la mwaka 1992, na mahakimu hulirudia kila siku. Mtu akisema “nilitumia kama laki saba hivi” hapati laki saba. Stakabadhi ya duka la dawa, tiketi ya basi la kwenda Mwanza, barua ya tajiri wake juu ya mshahara, vyote vitiwe katika bahasha moja, pamoja na nakala ya fomu ya polisi ya PF3 na taarifa za daktari. Mgonjwa mahututi hutibiwa kwanza, lakini fomu ifuatiliwe siku ile ile au kesho yake. Nimeona stakabadhi zilizotumika kuwashia jiko.

Sehemu ya pili ni maumivu, ulemavu, na riziki iliyopotea ya siku zijazo. Hii hakimu huikadiria kwa busara yake, akitazama umri wa mtu, kazi yake, na maneno ya daktari. Kidole cha mwalimu na kidole cha mshona nguo si kidole kimoja. Taarifa ya daktari isemayo “amepona” na ile isemayo “hataweza kunyanyua mzigo wala kupiga magoti” zatofautiana kwa mamilioni, kwa hiyo majeruhi amweleze daktari waziwazi kazi anayoifanya.

Ikiwa aliyeumia naye alikosa, kwa mfano alivuka bila kutazama au alipanda pikipiki watu watatu, dai lake halifi. Mahakama huweza kupunguza fidia kwa kadiri ya kosa lake. Kampuni za bima hulijua hilo sana na huanza nalo: “Wewe ndiwe uliyejitupa barabarani.” Jibu lake ni ramani ya ajali iliyochorwa na polisi, na mashahidi.

Utingo au dereva aliyeumia akiwa kazini ana njia nyingine iliyo nyepesi zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2008 uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, na waajiri ndio wanaouchangia. Mfuko huo hauulizi nani alifanya uzembe. Huuliza kama mtu aliumia katika kazi yake. New Zealand wamekwenda mbali kuliko sisi: tangu 1974 kila mtu aumiaye kwa ajali, barabarani au nyumbani, hulipwa na mfuko wa taifa bila kutafuta mkosaji. Mimi naona nchi yetu ingefaa kulitazama jambo hilo, maana nguvu nyingi hupotea katika kubishana.

Njia ya kudai ni hii. Kwanza hakikisha bima ya gari. TIRA wana mfumo wa kompyuta ambamo mtu yeyote mwenye simu huandika namba ya gari na kuona kampuni iliyoikatia bima na kama bado i hai. Namba ya gari basi ndiyo kitu cha kwanza cha kuandika penye ajali, kabla ya kupiga kelele. Pili, mwandikie mwenye gari na kampuni yake ya bima, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kampuni ikinyamaza au ikitoa kidogo mno, yako malalamiko kwa TIRA, na iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Yote yakishindikana, shauri hufunguliwa katika mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, dhidi ya dereva na mwenye gari, na kampuni ya bima ipewe taarifa ya shauri hilo mapema, maana isipopewa taarifa yaweza kukataa kuilipa hukumu. Tangu mwaka 2021 sheria imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo mzazi aliyesoma mpaka darasa la saba aweza kuisoma hati ya madai yake mwenyewe.

Muda wa kufungua shauri la uzembe ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Ahadi za simu, “njoo wiki ijayo”, “bosi amesafiri”, haziusimamishi muda huo, na wako waliokwisha kuzungushwa kwa ahadi hizo mpaka mwaka wa nne.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza kama yeye, mwenye miaka 16, aweza kudai. Hawezi kwa jina lake peke yake. Mzazi au mlezi hufungua shauri kwa niaba yake, na sheria humwita mtu huyo rafiki wa karibu. Kama hapana aliyemfungulia, ile miaka mitatu huanza kuhesabiwa atakapotimiza miaka 18. Akaniambia, basi atangoje. Nikamwuliza kama yule mama muuza maandazi aliyeiona ajali atakuwa bado anauza pale pale mwaka huo, na kama atakuwa anakumbuka rangi ya gari. Jioni ile alikwenda na baba yake kuandika jina la mama yule na namba yake ya simu.